Tiger Moth (modeli ya Airfix)

Modeli ya plastiki ya kuunganisha, iliyotolewa na Airfix ya Uingereza miaka ya 1950 kwa skeli ya 1:72. Inaonyesha de Havilland Tiger Moth, ndege ya mafunzo ya kijeshi iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1931. Kazi ngumu ni bawa la juu. Kwenye ndege halisi lilisogezwa mbele ili aliyekaa kiti cha mbele aweze kutoka na parachuti, kisha ncha zake zikarudishwa nyuma kulinda uwiano. Nguzo zinazolishika bawa hilo zikikauka kwenye gundi zikiwa zimepinda, umbo hilo zuri hupotea. Nyaya za kati ya mabawa hutengenezwa kwa kupasha kijiti cha fremu ya plastiki inayoshika vipande juu ya mshumaa na kukivuta taratibu hadi kiwe chembamba kama unywele. Tumbo hupakwa rangi ya njano, alama ya ndege za wanafunzi.