Kifuu, Gunzi na Kopo: Vichezeo vya Watoto Wadogo katika Nyumba za Afrika Mashariki

Kwa sehemu kubwa ya historia ya Afrika Mashariki, mtoto aliyeanza kutambaa au kusimama dede hakuwa na kitu kilichonunuliwa kwa ajili ya mchezo wake. Alichezea vyombo vya mama yake: kifuu cha nazi, kata, kawa, ungo uliotoboka, kibuyu kisichofaa tena kutiwa maji. Vyombo vya nyumba vilipobadilika, vichezeo navyo vilibadilika, na ndiyo maana habari za michezo ya watoto wadogo haziwezi kutengwa na habari za jiko, za duka la mtaani na za shule.

Ushahidi wa zamani ni haba, na sababu iko wazi. Mwanasesere wa gunzi huishi siku mbili tatu, kisha hutiwa motoni pamoja na kuni. Kifuu huishia jaani. Mchimbaji wa magofu ya Kilwa au Gedi akiokota kigae cha chungu, hana njia ya kujua kama siku za mwisho za chungu hicho zilikuwa za kupikia wali wa mchanga. Waandishi wa mwanzo nao hawakukaa sana juu ya umri huu. Mtoro bin Mwinyi Bakari, ambaye maelezo yake ya desturi za Waswahili wa Mrima yalitolewa na Carl Velten mwaka 1903, alianza na uzazi na malezi, akaenda hadi chuoni na jandoni. Jomo Kenyatta, katika Facing Mount Kenya ya mwaka 1938, alieleza namna watoto wa Kikuyu wanavyoiga kazi za wakubwa wanapocheza. Aliyeingia ndani zaidi ni Otto Raum, mwana wa mmisionari wa Kijerumani aliyefanya kazi Kilimanjaro. Kitabu chake cha mwaka 1940, Chaga Childhood, kinauchukulia mchezo wa mtoto wa Kichaga kuwa sehemu ya elimu yake, wala si upuuzi wa kupitishia muda. Kwa wakati ule huo ulikuwa msimamo wa kijasiri.

Pwani, kichezeo cha kwanza kilitoka kwenye nazi. Nazi ikishavunjwa na kukunwa kwenye mbuzi, hubaki vifuu viwili visivyofanana. Kimoja ni kizima na hushika maji. Kingine kina yale macho matatu, na jicho laini likitobolewa maji hutiririka kama uzi. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu akipewa vyote viwili na beseni la maji, au akiachwa navyo penye mchanga, huwa amepata kazi ya asubuhi nzima: anachota, anamimina, anashangaa kwa nini hiki kinaishiwa maji na kile hakiishiwi. Vifuu vikigonganishwa hutoa mlio mkavu unaosikika hadi kwa jirani. Kawa nayo ilimfunika uso mlezi na kumfunua, na kila alipofunuliwa mtoto alicheka kana kwamba hakuwahi kumwona. Bara, mahali pa kifuu palishikwa na kibuyu. Kibuyu kilichokauka kikiwa na mbegu zake ndani hulia kikitikiswa, hakihitaji fundi. Mama mfinyanzi alimkatia mwanawe donge la udongo akae nalo kando yake, na penye kinu mtoto alipewa kijiti akasimama pamoja na wanaotwanga, akitwanga ardhi.

Mwanasesere wa gunzi, ambaye wengi humdhani wa tangu na tangu, si wa kale kiasi hicho. Mahindi yalitoka Amerika, yakafika pwani hii kwa Wareno katika karne ya 16, na yalichukua muda mrefu kuwa chakula kikuu cha bara. Mwanasesere huyo alitengenezwa kwa namna mbili. Wakati wa mahindi mabichi, msichana alichagua kibunzi kichanga chenye nywele ndefu, akazisuka kama anavyosukwa mwenyewe, na mwanasesere akawa tayari kwa muda ule ambao nywele hazijanyauka. Baada ya mavuno lilichukuliwa gunzi kavu lililopukuchuliwa, likaviringishwa kitambaa, likafungwa uzi shingoni na kiunoni. Kanga zilipoenea mwishoni mwa karne ya 19, vipande vya kanga kuukuu vilikuwa nguo yake na pia mbeleko yake. Mtoto wa miaka miwili alifungiwa gunzi lake mgongoni, akazunguka nalo uani akilibembeleza lilale. Kichezeo hiki kisichanganywe na mwana hiti wa Wazaramo, sanamu anayekabidhiwa mwali akiwa ndani. Huyo ni wa mafunzo ya unyago, na hakuachiwa watoto wadogo wamburute.

Mara nyingi waliotengeneza vitu hivi hawakuwa mama wala baba. Robert na Barbara LeVine, walioishi miongoni mwa Wagusii wa Kenya katikati ya miaka ya 1950, waliona kuwa mama alirudi shambani mapema, na mtoto akakabidhiwa dada au kaka mwenye umri wa miaka kama sita hadi kumi. Mama alinyonyesha, aliogesha, alilinda, lakini kucheza na mtoto hakukuhesabiwa kuwa kazi yake. Mwaka 1977 Thomas Weisner na Ronald Gallimore walikusanya maelezo ya jamii nyingi za dunia na kuonyesha kuwa malezi ya mtoto mikononi mwa mtoto mwenzake ni jambo la kawaida sana. Wavumbuzi wa vichezeo vya Afrika Mashariki, kwa hiyo, walikuwa watoto wa miaka saba au minane wenye mzigo wa mdogo wao mgongoni na hamu ya kuutua ili wacheze. Kila kichezeo kilikuwa njia ya kumfanya mdogo atulie mahali. Ustadi huo unastahili heshima kubwa kuliko iliyopewa, maana mlezi wa miaka saba alijua ni kitu gani kitamshika mtoto kwa muda mrefu na kipi atakitupa papo hapo.

Bati lilileta mapinduzi. Mafuta ya taa ya Marekani yalipoanza kumiminika bandarini mwishoni mwa karne ya 19, yalikuja katika madebe ya ujazo wa lita 18 hivi, na debe tupu halikutupwa. Lilichotewa maji, likapimiwa nafaka, likakunjuliwa kuezekea banda, likakatwa kuwa koroboi. Baada yake yakaja makopo madogo ya maziwa, ya majarini, ya kimbo na ya samaki, na haya ndiyo yaliyoshuka hadi mikononi mwa watoto. Kopo lenye mfuniko likitiwa kokoto tano sita lilichukua kazi ya kibuyu. Kopo lililotobolewa kwa msumari na kupitishwa uzi wa katani lilivutwa na mtoto anayejifunza kutembea, na kelele zake nyuma yake zilimtia moyo aende hatua nyingine. Kopo la samaki, kwa umbo lake, lilikuwa gari hata kabla ya kuwekewa magurudumu, na vizibo vya soda vilipoenea nayo magurudumu yakapatikana. Kaka wakubwa walijisokotea magari ya waya yenye usukani mrefu na kuyaendesha wakiwa wamesimama wima. Mdogo alipata kigari cha kuburuta. Hatari ya bati ilikuwa makali yake: mlezi mzuri aliupiga ukingo kwa jiwe mpaka ukajikunja kwa ndani, na vidole vingi vilikatwa kwa sababu mlezi alikuwa na haraka.

Kisha zikaja zama za mpira na plastiki. Kandambili iliyokatika, ikichongwa kwa kisu, hutoa magurudumu manne yasiyopiga kelele na yasiyokata mtu. Katika kisiwa cha Kiwayu, kaskazini mwa Lamu, bahari huleta kandambili hizo zenyewe, na watoto wa huko walizigeuza vichezeo. Julie Church, aliyekuwa akifanya kazi ya uhifadhi wa bahari katika eneo hilo mwishoni mwa miaka ya 1990, aliona kazi zao, na kutokana nazo ikazaliwa biashara ya Ocean Sole inayochonga twiga, ndovu na kasa wa rangi nyingi na kuwauza hadi ng'ambo. Ni mara chache sana kichezeo cha uani kimefika mbali kiasi hicho. Nyumbani, ndoo, beseni, dumu na chupa ya maji vilishika nafasi za kata na kibuyu, vikiwa vyepesi, visivyovunjika na vya bei nafuu. Midoli na magari ya plastiki kutoka China yakajaa maduka ya Kariakoo na Gikomba.

Hata hivyo, badiliko lililogusa zaidi maisha ya mtoto mdogo halikuwa la vyombo. Lilikuwa la mlezi. Kenya ilifuta ada ya madarasa manne ya kwanza mwaka 1974. Mwaka huohuo Azimio la Musoma liliiweka Tanzania katika mbio za elimu ya msingi kwa wote, iliyoanza kutekelezwa mwaka 1977. Uganda ilifuata mwaka 1997, na Kenya ikafanya elimu ya msingi kuwa bila malipo mwaka 2003. Dada wa miaka minane akaenda shule, na haki yake hiyo haina mjadala. Lakini kazi aliyoiacha nyumbani haikupata mrithi wa moja kwa moja. Mjini, mtoto alibaki na yaya katika chumba cha kupanga kisicho na ua. Shambani alibaki na bibi, au alifuata mama na kulazwa kivulini. Vyombo vilikuwepo, aliyejua kuvigeuza mchezo hakuwepo.

Katika miaka hiyohiyo wataalamu wa kwingine walikuwa wakifikia, kwa njia zao, yale ambayo walezi wa uani waliyajua. Elinor Goldschmied, mwalimu Mwingereza aliyefanya kazi Italia baada ya Vita Kuu ya Pili, alipendekeza mtoto anayekaa bila kutambaa awekewe kikapu cha vitu vya kawaida vya nyumbani vya mbao, chuma, ngozi na kitambaa, avichunguze kwa mdomo na mikono. Kingston, Jamaika, katika miaka ya 1980, Sally Grantham-McGregor na wenzake walifuatilia watoto 129 waliodumaa. Baadhi yao walitembelewa kila wiki kwa miaka miwili na wahudumu wa afya waliowaletea vichezeo vilivyotengenezwa nyumbani na kuwaonyesha mama namna ya kucheza nao. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kuwa walipofika umri wa miaka 22, waliotembelewa walikuwa na kipato kikubwa kwa asilimia 25 kuliko wenzao ambao hawakutembelewa.

Mombasa haikusubiri matokeo hayo. Mwaka 1986, kwa ombi la viongozi wa Kiislamu na kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, mwalimu Swafiya Said alianza kuzisaidia jamii za pwani kufungua shule za awali za madrasa, na mpango huo ukaenea Zanzibar na Uganda. Vifaa vya madarasa yake vilitoka majumbani: vifuu, mbegu, vizibo, makopo, maboksi, vitambaa. Jambo kubwa hapa ni kwamba wazazi waliona vitu wanavyovitupa vikiwekwa rafuni kwa heshima, kama vifaa vya masomo.

Mwaka 2012 UNICEF na Shirika la Afya Duniani walitoa mwongozo wa malezi kwa wahudumu wa afya. Unashauri kuwa mtoto wa miezi sita hadi tisa apewe vyombo safi na salama avishike, avigonge na kuviangusha. Wa miezi tisa hadi kumi na miwili afichiwe kitu chini ya kitambaa akitafute. Na aliyetimiza mwaka apewe vitu vya kupanga, kutia na kutoa katika chombo. Tanzania ilizindua programu yake ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto mwezi Desemba 2021. Mafunzo ya namna hii hayana budi kwenda pamoja na tahadhari ambazo vifuu havikuhitaji: mafuta ya taa yasiwekwe katika chupa ya soda, na njugu, maharage na vizibo visimfikie mtoto ambaye bado anatia kila kitu mdomoni.

Mafundisho hayo yote yanaelekezwa kwa watu wazima. Mpango wa Child-to-Child, ulioanzishwa London mwaka 1978 na David Morley, daktari wa watoto, pamoja na Hugh Hawes, ulichagua njia nyingine: kuwafundisha wanafunzi wa shule ya msingi namna ya kutunza wadogo zao na kuwatengenezea vichezeo kwa vitu vilivyopo nyumbani. Shule zetu za msingi zingefanya vyema kuipa kazi hiyo kipindi kimoja kwa wiki. Mwanafunzi hurudi nyumbani jioni, na mdogo wake yupo anamngoja.