Kombe la CECAFA la wanawake: Taji lililosubiri miaka 30

MASHINDANO ya soka ya wanawake ya Baraza la Vyama vya Mpira wa Miguu vya Afrika Mashariki na Kati (CECAFA) hushindanisha timu za taifa za ukanda huu, na Tanzania ndiyo iliyonufaika nayo kuliko nchi nyingine yoyote. Tangu yalipofufuliwa mwaka 2016 hadi yale ya Juni 2025 yamechezwa mara tano. Tanzania imetwaa ubingwa mara tatu, Kenya mara moja na Uganda mara moja.

Pamoja na mafanikio hayo, mashindano haya hayajapata kuwa na kalenda ya kuaminika, na athari za kasoro hiyo huwafikia zaidi wasichana wanaoishi mbali na Dar es Salaam, wakiwamo wa nyanda za juu za mkoa wa Kigoma, katika wilaya za Kasulu na Kibondo.

Historia yake inaanzia Zanzibar, ambako yalichezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1986. Wakati huo Kombe la Challenge la wanaume lilikuwa limekwishatimiza zaidi ya miaka kumi, kwani lilianza mwaka 1973. La wanaume liliendelea, ingawa kwa kusuasua katika baadhi ya miaka. La wanawake lilizimika na halikurudi hadi baada ya miaka 30. Msichana aliyekuwa na umri wa miaka 16 wakati huo alikuwa na 46 lilipochezwa tena, na katika soka hiyo ni zaidi ya umri wa vizazi viwili vya wachezaji.

Ukimya huo haukuwa na maana kwamba hapakuwa na wachezaji. Mwaka 2010 timu ya taifa ya Tanzania, Twiga Stars, ikiwa chini ya kocha Charles Boniface Mkwasa, ilifuzu fainali za Afrika zilizofanyika Afrika Kusini. Ilifungwa mechi zote tatu za kundi lake, mabao 2-1 na wenyeji, 3-2 na Mali na 3-0 na Nigeria, lakini matokeo ya mechi mbili za kwanza yalionyesha kwamba haikuwa timu ya kusindikiza wengine. Kilichokosekana ni mashindano ya karibu ya kupimana nguvu na majirani.

Fursa hiyo ilipatikana Septemba 2016, Uganda ilipokuwa mwenyeji katika uwanja wa kituo cha ufundi cha Njeru, ng'ambo ya mto Nile kutoka mji wa Jinja. Timu saba zilishiriki: Uganda, Kenya, Burundi, Zanzibar, Ethiopia, Rwanda na Tanzania Bara. Zanzibar ni mwanachama wa CECAFA kwa nafasi yake, ndiyo maana hushiriki kama timu kamili mbele ya ndugu zake wa Bara. Hapo ndipo lilipopatikana jina la Kilimanjaro Queens, kwa mfano wa Kilimanjaro Stars ya wanaume, ili kuitofautisha timu ya Bara na Twiga Stars inayowakilisha Muungano mzima. (Zanzibar ilipokewa pia na Shirikisho la Soka Afrika, CAF, Machi 2017, lakini uanachama huo ulitenguliwa baada ya miezi michache tu.)

Kilimanjaro Queens waliifunga Rwanda mabao 3-2 na kutoka sare na Ethiopia katika kundi lao. Katika nusu fainali waliwashangaza wenyeji kwa kipigo cha mabao 4-1, kisha wakaishinda Kenya 2-1 katika fainali. Mabao yote mawili ya Tanzania katika mchezo huo yalifungwa na Mwanahamisi Omari, ambaye mashabiki wanamfahamu zaidi kwa jina la Gaucho.

Mwaka 2018 ilikuwa zamu ya Kigali. Safari hii zilikuwapo timu tano tu na zilicheza kwa mtindo wa ligi, kila moja ikikutana na zote. Tanzania, ikiwa na kocha Bakari Shime, ilitetea taji lake baada ya kuichapa Ethiopia mabao 4-1 katika mchezo wa mwisho. Ukiitazama ramani, Kigali iko karibu zaidi na Kibondo kuliko Dar es Salaam. Mashindano hayo ndiyo yaliyosogea karibu na wilaya hiyo kuliko mengine yote matano.

Novemba 2019 mashindano yakaja Chamazi, Dar es Salaam, yakiwa na timu nane, zikiwamo Sudan Kusini na Jibuti. Wenyeji walifika fainali wakitarajiwa kutwaa taji la tatu mfululizo, lakini Jentrix Shikangwa wa Kenya alifunga mabao mawili yaliyozima matumaini hayo. Kenya walimaliza bila nyavu zao kutikiswa hata mara moja.

Kwa wakazi wa Kasulu na Kibondo, hata hivyo, timu ya kuangaliwa kwa makini katika miaka hiyo ilikuwa nyingine: Burundi. Wilaya hizo za Waha zimepakana na nchi hiyo kwa muda mrefu kwa ndoa, masoko na lugha, kwani Kiha na Kirundi vinakaribiana kiasi cha wazungumzaji kuelewana. Kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo, na mwaka 2015 ilianza kupokea Warundi, huku ile ya Nduta wilayani Kibondo ikifunguliwa tena mwaka huo huo kwa sababu hiyo hiyo. Wasichana wengi wa Kirundi wa umri wa kucheza mpira waliikuta miaka hiyo wakiwa upande huu wa mpaka.

Licha ya misukosuko hiyo, Burundi ilipanda hatua kwa hatua. Mwaka 2016 iliishia katika makundi. Mwaka 2019 ilifika nusu fainali na kumaliza ya nne. Na Juni 2022, mashindano yaliporejea Njeru, ilicheza fainali na kufungwa na Uganda mabao 3-1. Mwezi uliofuata ilishiriki fainali za Afrika nchini Morocco kwa mara ya kwanza katika historia yake. Tanzania, iliyoshika nafasi ya nne Njeru, haikuwamo Morocco. Kenya nayo haikushiriki Njeru kwa sababu ilikuwa imefungiwa na Shirikisho la Kimataifa la Soka (FIFA).

Ikapita miaka mitatu mingine bila kombe. Juni 2025 lilichezwa tena Chamazi kwa mtindo wa ligi, kati ya Tanzania, Kenya, Uganda, Burundi na Sudan Kusini, na Tanzania ikatawazwa bingwa kwa kuifunga Kenya bao 1-0 katika mchezo wa mwisho. Wiki chache baadaye Twiga Stars walikuwa Morocco katika fainali za Afrika, ambako walifungwa 1-0 na Mali, wakatoka sare ya 1-1 na Afrika Kusini waliokuwa mabingwa watetezi, na kufungwa 4-1 na Ghana.

Sababu ya kalenda kuyumba si ngumu kuiona. Timu za taifa zikikutana, mwenyeji hubeba mzigo mkubwa, na hakuna nchi inayopoteza tiketi yoyote ya Afrika kombe lisipochezwa. Kwa klabu mambo ni tofauti. Tangu CAF ilipoanzisha Ligi ya Mabingwa ya wanawake mwaka 2021, ukanda wa CECAFA hulazimika kumpata mwakilishi wake kila mwaka, na kila mwaka mashindano ya mchujo huchezwa. Vihiga Queens ya Kenya ilishinda mwaka 2021, Simba Queens 2022 na JKT Queens 2023. Kinachofungamanishwa na tiketi huchezwa. Kisichofungamanishwa husubiri mfadhili.

Matokeo yake ni kwamba mchezaji anayetaka kuonekana sharti awe katika klabu kubwa, na klabu hizo ziko Dar es Salaam na maeneo ya jirani. Ligi Kuu ya Wanawake ya Tanzania ilianza msimu wa 2016/17, na bingwa wa kwanza akawa Mlandizi Queens ya Pwani. Baada ya hapo, hadi msimu wa 2024/25, ubingwa haukutoka mikononi mwa JKT Queens na Simba Queens. Mkoa wa Kigoma ulipata kuwakilishwa na Kigoma Sisters katika misimu ya mwanzo, lakini kila mchezo wa ugenini Dar es Salaam ulikuwa safari ya zaidi ya kilomita 1,000.

Anayeishi Kibondo au Kasulu naye yuko mbali na klabu hizo kubwa. Kwa kawaida mlango wake wa kuonekana ni michezo ya shule, yaani UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari, ambako msichana huchaguliwa kutoka shule hadi wilaya, kisha mkoa. Mlango huo nao uliwahi kufungwa: mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali ilisimamisha michezo hiyo, ikarejeshwa baadaye katika muongo huo huo. Waliokuwa darasani wakati huo ndio ambao mwaka 2016, Kilimanjaro Queens walipokwenda Njeru, walikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu, umri unaofaa kabisa kwa mchezaji wa timu ya taifa.