Sayansi kimu ni ya wasichana tu?

Jamani, nani kasema sayansi kimu ni somo la wasichana? Hebu tuitazame Japani. Mwaka 1947, baada ya vita, somo hilo liliingizwa shule za msingi kwa wavulana na wasichana sawa. Mtaala wa 1958 ukawatenganisha wanafunzi wa sekondari ya chini: wavulana ufundi, wasichana mapishi na ushonaji. Wanaharakati wakapinga. Mwaka 1985 Japani ikaridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa unaopinga ubaguzi dhidi ya wanawake, na kuanzia 1993 wote wakasoma pamoja. Kumbe si maumbile, ni uamuzi wa wizara! Kwangu mimi, kijana asiyejua kujipikia hajamaliza shule. Wenzangu mnasemaje?