Utendi wa Mwana Kupona na Suala la Sifa Inayostahiki

Katika historia ya fasihi ya Kiswahili ni tungo chache zilizopata sifa kubwa kama Utendi wa Mwana Kupona. Utungo huu wa beti zipatazo mia moja umehaririwa, umefasiriwa, umefundishwa vyuoni, na umekaririwa na wanawake wa mwambao kwa vizazi kadhaa. Hata hivyo, sifa na ubora si kitu kimoja. Upo utungo unaosifiwa kwa kuwa ni bora, na upo unaosifiwa kwa kuwa umekwisha kusifiwa. Makala haya yanachunguza sifa ya utendi huu imetokana na nini, na iwapo unaistahiki.

Hapana budi kuanzia Siyu. Mwana Kupona binti Mshamu alizaliwa Pate, lakini aliolewa na Muhammad Is-haq wa ukoo wa Famau, aliyejulikana zaidi kwa jina la Bwana Mataka, mtawala wa Siyu. Katika karne ya 19 Siyu ulikuwa mji wa wanazuoni na mafundi: Kurani zilinakiliwa humo kwa mkono, na kazi zake za ngozi na za mbao zilithaminiwa mwambao kote. Ulikuwa pia mji uliokataa kusalimu amri. Katika miaka ya 1840 majeshi ya Seyyid Said wa Unguja na Omani yalishindwa na watu wa Bwana Mataka. Bwana Mataka alifariki mwaka 1856. Miaka miwili hivi baadaye, mwaka 1275 wa Hijria, mjane wake, akiwa mgonjwa, alimtungia wasia binti yake Mwana Hashima, msichana wa miaka takribani 17. Mtunzi mwenyewe alifariki karibu na mwaka 1860. Katika muongo huo huo Siyu ulitekwa na majeshi ya Seyyid Majid.

Sifa ya utendi ilipitia njia mbili. Njia ya kwanza ni ya nyumbani: wanawake waliuhifadhi kwa moyo, waliunakili, na waliwafunza mabinti zao. Njia ya pili ni ya wageni. Alice Werner, aliyefika mwambao kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, aliuchapisha mwaka 1917, kisha akauchapisha tena mwaka 1934 pamoja na William Hichens. Toleo hilo la pili lilipewa kichwa cha Kiingereza kilichoueleza kuwa ni nasaha juu ya wajibu wa mke. J.W.T. Allen naye aliuingiza katika mkusanyo wake wa tendi wa mwaka 1971. Ikiwa Siti binti Saad alienezwa na santuri zilizorekodiwa Bombay kuanzia 1928, Mwana Kupona alienezwa kwanza na ulimi na kalamu, kisha na mtambo wa chapa. Tofauti ni kwamba santuri ilibeba sauti ya Siti mwenyewe, ilhali kitabu kilimbeba Mwana Kupona kikiwa kimekwisha kumtafsiria makusudio yake. Tangu hapo wasomaji wengi wameufungua utendi wakitafuta mke mtiifu, na wamempata.

Hoja za wanaoitilia shaka sifa hiyo si za kupuuzwa. Kwa upande wa fani, utendi hauna upana wa taswira wa Al-Inkishafi. Mizani nane za kila kipande zinatimia, na kina cha bahari kinashikwa hadi mwisho, lakini hayo ni masharti ya bahari yenyewe, wala si ubunifu wa mtunzi. Kwa upande wa maudhui, binti anaambiwa kwamba radhi ya mume ni miongoni mwa radhi tano atakazozihitaji, pamoja na ya Mungu, ya Mtume, ya baba na ya mama. Anaambiwa pia asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi. Mhakiki hana haki ya kulificha jambo hili: wasia huu ni wa mwungwana kwa mwungwana, na utulivu wa nyumba unaosifiwa humo ulitegemea jasho la wasiokuwa na wasia wa kuachiwa.

Wapo waliojaribu kuuokoa utendi kwa kuusoma kama kinaya. Ann Biersteker, katika makala yake ya 1991, alihimiza usomaji unaozingatia lugha na mamlaka badala ya utiifu peke yake. Ushahidi wenye nguvu ni pale mume anapofananishwa na mtoto asiyejua kusema: mwenye kutunzwa hivyo ndiye anayemtegemea mtunzaji. Hoja hii ina uzito, lakini ikivutwa mno hukatika. Sehemu kubwa ya mwisho wa utendi ni dua ya mgonjwa anayejiombea afya na kuwaombea watoto na jamaa zake. Ni vigumu kuamini kwamba mtu anayemwelekea Mola wake kwa unyenyekevu huo alikuwa akimcheka mumewe beti chache nyuma.

Ubora wa utendi uko kwingine. Mume wa Mwana Kupona aliushinda usultani vitani, lakini vita havitajwi. Bwana Mataka anaingia katika utendi kama mume tu, na kinachohesabiwa ni kwamba waliishi kwa wema na alimwachia mkewe radhi. Mtunzi anaanza kwa kuagiza wino na karatasi, kisha dini, adabu na ukweli wa ulimi; ndoa inafuata baadaye. Anamwachia yatima kile ambacho majeshi hayawezi kukiteka. Ukisomwa kwa kuzingatia Siyu ya 1858, mji uliokaribia kupoteza uhuru wake, wepesi wa lugha yake hauwi upungufu: ni lugha ya mtu asiye na muda wa mapambo.

Kwa hiyo utendi unaistahiki sifa yake, ila si kwa sababu iliyoandikwa juu ya jalada la 1934. Haustahiki, hata hivyo, kufanywa sauti ya wanawake wote wa mwambao. Walioukariri na kuunakili hawakuandikwa majina, na watumwa waliotajwa humo hawakusikilizwa. Kumsifu Mwana Kupona kwa haki ni kumrudisha Siyu, kwa binti mmoja na kwa mwaka mmoja, na kuiacha nafasi ya waliobaki ionekane kuwa ingali wazi.