PAA LIMEEZULIWA NA UPEPO HANDENI, KOROGWE? SOMA HAPA KABLA HUJATUMA HELA YA BATI



Wengi wetu tunaosoma hapa tuko mjini lakini nyumbani ni Kabuku, Mkata, Mombo, Magoma, Hale na kwingineko. Msimu wa mvua ukianza simu zinakuwa zile zile: "Mwanangu, upepo umechukua paa, tumelala kwa jirani." Unachanganyikiwa, unakopa, unatuma hela, fundi anapiga bati siku mbili, kazi imekwisha. Msimu unaofuata simu inalia tena... paa lile lile! Tatizo hapo si mvua peke yake, ni namna tunavyorudishia. Nimejitahidi kuweka mambo ya msingi. Iprinti umpelekee fundi wako.

1. KWA NINI PAA LINARUKA?

Watu wengi wanadhani upepo unaingia chini ya bati na kulisukuma. Hiyo ni nusu ya habari. Upepo unapopita juu ya paa unalinyonya kwenda juu, na mnyonyo mkubwa zaidi uko kwenye pembe, kwenye upenu na kwenye mgongo wa paa. Dirisha au mlango wa upande wa upepo ukiwa wazi, hewa inaingia ndani na kusukuma kutoka chini. Juu kunavutwa, chini kunasukumwa, hapo bwana hakuna bati linalobaki.

Twende kwa hesabu. Upepo wa kilomita 108 kwa saa una nguvu ya kama kilo 55 kwa kila mita moja ya mraba. Bati la mita 3 likishapandishwa na mwenzake linafunika kama mita za mraba 2 na robo, kwa hiyo linaweza kuvutwa kwa nguvu ya kilo 120 na ushee. Bati lenyewe la geji 30 halifiki kilo 8! Kinacholishika ni misumari, mbao na kamba za chuma, uzito wake hausaidii kitu. Na upepo ukiongezeka kasi mara mbili, nguvu inaongezeka mara nne.

Msisubiri kimbunga cha kutoka baharini. Vile ni nadra kwetu: Zanzibar mwaka 1872, Lindi mwaka 1952, na Hidaya ya Mei 2024 ambayo ilipungua nguvu ilipofika karibu na Mafia. Upepo unaoezua nyumba huku bara mara nyingi ni ule wa ghafla unaotangulia mvua. Hewa ya baridi inaporomoka kutoka kwenye wingu zito, inagonga ardhi na kusambaa kwa kasi. Dakika chache tu, kazi imeisha.

2. SAA ZA MWANZO

- Zima swichi kubwa ya umeme. Kama waya wa nje umekatika, usiusogelee, waite TANESCO.
- Angalia kuta. Tofali za juu zikilegea au ukuta wa pembetatu ukipata ufa, mtu asilale humo hata kama vyumba vingine vina bati. Ukuta uliopoteza paa umepoteza kilichokuwa kikiushika juu, na huo ndio unaoua usiku.
- Watoto wasiokote mabati. Yanakata na yana misumari.
- Piga picha kila kitu kabla ya kusafisha.
- Toa taarifa kwa mwenyekiti wa kitongoji au mtaa, kisha kwa mtendaji. Hapa watu hupotea njia: Handeni kuna Halmashauri ya Mji na Halmashauri ya Wilaya, na Korogwe vivyo hivyo. Jua wewe uko ipi ndipo uandike barua. Orodha ya waathirika huanzia kijijini au mtaani, jina lisipoandikwa huko utazungushwa sana.
- Funika kwa turubai. Lipitishe juu ya mgongo wa paa, kingo zake zizungushie mbao ndipo upige misumari kwenye mbao hizo. Ukilipigilia lenyewe litachanika usiku huo huo.

3. BATI LA ZAMANI: LIPI LIRUDI JUU, LIPI LISIRUDI?

Lililojikunja na kuweka mkunjo mkali lina ufa hata kama huuoni. Lililochanika kwenye matundu ya misumari, hizo sehemu zimekwisha, usirudie tundu lile lile. Unaweza kulikata mwisho ulioharibika ukalitumia kwa upande mfupi, jikoni au stoo. Yale mazima yaweke katikati ya paa. Kingoni na kwenye pembe weka mapya, kwa sababu upepo unaanzia huko. Matundu madogo ziba kwa silikoni au lami, lakini ujue hiyo ni dawa ya kuvuja, haiongezi nguvu.

Ukienda dukani kumbuka namba ya geji inavyopanda ndivyo bati linavyokuwa jembamba. Geji 28 ni nene kuliko 30, na 32 ni karatasi tu. Mwenye duka akikwambia "hili ni 28" mwombe mhuri ulioandikwa kwenye bati.

4. KAZI YENYEWE: FUATA MNYORORO

Fikiria mnyororo: bati linashikwa na papi, papi na kenchi, kenchi na ukuta, ukuta na msingi. Pete moja ikiwa mbovu zote zimekwenda. Ndiyo maana unakuta paa limetua shambani kwa jirani likiwa zima, bati na mbao zake. Bati lilipigwa vizuri, ila kenchi ilikuwa imekaa tu juu ya tofali.

a) Kenchi na ukuta. Kama nyumba ina lenta ya juu, kenchi ifungwe kwenye nondo ndogo au chuma bapa kilichozama kwenye zege. Kama haina, chuma kishuke ndani ya ukuta kozi tatu au nne, si kushika tofali la juu peke yake. Nyumba ya miti na udongo, kamata nguzo zilizochimbiwa ardhini, kwa sababu udongo haushiki kitu.

b) Papi na kenchi. Msumari uliopigwa wima unang'oka wima. Piga misumari miwili kwa kuilaza pande mbili, kisha zungushia chuma bapa au waya mzito. Umbali wa papi kwa papi usizidi futi 3. Mafundi wengi wanaweka futi 4 au 5 "kubana matumizi", na ninyi mnafurahia hela iliyobaki. Futi hizo ndizo zitakazowarudisha dukani.

c) Bati na papi. Tumia misumari ya kofia yenye raba, na ikipatikana ile ya kusokota ni bora zaidi. Piga juu ya mgongo wa bati, kamwe si kwenye bonde, maji yatapita. Kwenye papi za kingo piga kila baada ya mgongo mmoja, za katikati kila baada ya migongo miwili. Bati la migongo kumi lenye papi nne linakula misumari kama 16. Fundi akikupigia 6 tu, gawanya zile kilo 120 uone kila msumari unabeba ngapi!

d) Mapandano. Ubavuni bati lipande mgongo mmoja na nusu hadi miwili. Juu na chini lilaliane nchi 6 au zaidi. Anza kupanga upande upepo unakoelekea, urudi kule unakotoka, ili mdomo wa mapandano uupe upepo kisogo.

e) Umbo. Upenu usizidi futi moja na nusu hadi mbili. Paa la varanda lifungwe peke yake, likiondoka lisiburute la nyumba. Paa la pande nne linahimili kuliko la pande mbili. Tazameni nyumba za msonge za wazee wetu, hazikuwa na kona ya upepo kushika.

f) Mbao. Chukua zilizotiwa dawa. Mchwa wa huku mnawajua, mbao iliyoliwa haishiki msumari.

5. MAWE JUU YA BATI: ACHENI!

Najua litawaudhi wengi. Jiwe la kilo 5 halishindani na nguvu ya kilo 120. Bati likiinuka jiwe linashuka ndani, na chini kuna mtoto amelala. Hela ya misumari kilo moja ikusumbue leo kuliko msiba kesho. Kama hela haitoshi kabisa, ezeka chumba kimoja kwa usahihi, vingine visubiri. Chumba kimoja imara ni bora kuliko vinne vya kubahatisha.

6. KABLA YA MSIMU

Masika ni Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba. Na vuli si ya kudharau, Oktoba 2019 ilileta mafuriko makubwa mkoani Tanga, Handeni na Korogwe zikiwemo. Basi Februari na Septemba fundi apande juu: misumari iliyoinuka, raba zilizokauka, chuma kilichoshika kutu, matawi yanayoning'inia. Fuateni pia tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA), wanatoa za siku tano mbele. Wingu likitanda, funga madirisha na milango yote.

Mwisho kabisa, ukituma hela usiseme "nunueni bati". Sema bati ngapi, misumari kilo ngapi, chuma bapa mita ngapi, na omba picha ya kenchi zilizofungwa KABLA bati halijapanda. Likishafunikwa huoni kitu, utaambiwa tu "kila kitu safi mkuu".

Mafundi mliomo humu, mwenye nyongeza au wa kunisahihisha karibuni uwanjani. Na walioezuliwa, poleni sana.

Naomba kuwasilisha.