Guru na Diksha: Nani Anampokea Nani?

Siku niliyoandika ubaoni "maguru wa Kihindu", darasa langu hapa Munanila lilitazamana, kisha likaangua kicheko. Wanafunzi wangu wengi ni Waha, na kwa Kiha amaguru ni miguu. Binti mmoja wa dawati la mbele akauliza, "Mwalimu, miguu ya Wahindu imefanya nini?" Nilifuta kiambishi, nikaacha "guru" peke yake. Tangu siku hiyo naandika guru mmoja, guru wawili, guru hawa.

Hata hivyo, binti yule aligusa jambo. Katika ibada ya Kihindu miguu ya guru ina heshima yake: mfuasi huinama akaigusa, na viatu vya mbao vya guru aliyekwisha kufariki huweza kutunzwa na kuwekewa maua. Neno lenye heshima ya namna hiyo halistahili kutupiwa tafsiri ya haraka.

Guru ni neno la Kisanskriti, na maana yake ya msingi ni "zito", kinyume cha laghu, yaani "jepesi". Kwa Mswahili hilo si geni. Nasi tukisema fulani ni mtu mzito, hatumpimi kwa kilo. Wahindu wana pia ufafanuzi wao wa kimapokeo: gu ni giza, ru ni kinacholiondoa. Wanaisimu hushika maana ya kwanza, waumini hupenda ya pili, na zote mbili zinafaa kukumbukwa.

Wengi hutafsiri guru kuwa "mwalimu". Mimi ni mwalimu, na naona pengo. Mwanafunzi wangu akihamia Kasulu atapata mwalimu mwingine Jumatatu, na hakuna ahadi iliyovunjwa baina yetu. "Gwiji" linataja ujuzi tu. "Kungwi" linakaribia zaidi, maana kungwi humshika mwari mkono akamvusha. Lakini mwari akishatolewa nje, kazi kubwa imekwisha. Guru hukusudiwa kwa maisha yote.

Aliye jirani kabisa ni sheikh wa tarika, yaani njia ya Kisufi. Katika Kadiria, inayofahamika vyema Ujiji na Bagamoyo, muridi, yaani mfuasi, hutoa baia, ahadi ya utii, kwa sheikh, hupewa uradi wa kusoma, na huingia katika silsila, mnyororo unaorudi nyuma sheikh kwa sheikh. Sheikh Ramiya wa Bagamoyo, aliyefariki mwaka 1931, aliletwa pwani kutoka upande wa Manyema akiwa mtoto mtumwa, lakini akaja kuwa kiongozi mkubwa wa tarika hiyo. Hakuurithi mnyororo ule kwa damu, aliupokea. Wahindu nao wana silsila yao, waiitayo parampara. Lakini kumwita guru "sheikh" ni kumvika kanzu ya dini nyingine, na heshima inataka kila mmoja abaki na vazi lake. Kwa hiyo kwa mtu mwenyewe tubaki na neno guru.

Kazi ngumu iko kwenye diksha, tendo la kuingizwa chini ya guru. Niliwasimulia wanafunzi kisa cha Satyakama kilichomo katika Chandogya Upanishad, andiko la kale la Wahindu. Kijana huyo alimwendea guru aitwaye Gautama akitaka kufundishwa. Akaulizwa ukoo wake. Akajibu kwamba hata mama yake haujui ukoo wa mtoto. Gautama akasema msema kweli kama huyu hawezi kukataliwa. Akamwagiza alete kuni za moto wa ibada, akampokea. Kisha akamtengea ng'ombe 400 waliokonda awachunge. Kijana akaapa kutorudi mpaka wawe 1,000. Darasa lilinyamaza. Watoto wa Buha wanajua maana ya kukabidhiwa ng'ombe: ni kuaminiwa.

Kisa hicho ni cha kale. Katika njia za bhakti, yaani ibada ya mapenzi kwa Mungu, diksha ina sura zake. Wafuasi wa Swaminarayan, wenye mahekalu Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, huvishwa shingoni kanthi, uzi wa shanga za mti wa tulasi. Katika jumuiya ya Hare Krishna, iliyoanzishwa New York mwaka 1966 na A. C. Bhaktivedanta Swami Prabhupada, ambaye mwaka 1971 alifika Mombasa na Nairobi, anayeomba diksha huahidi kuacha nyama, samaki na mayai, kamari, zinaa na vilevi, hata kahawa tunayoilima milimani huku. Huahidi pia kutaja majina ya Mungu kwa tasbihi ya punje 108, mizunguko 16 kila siku. Hesabu inafika 1,728. Guru naye humpa jina jipya linaloishia na Dasa au, kwa mwanamke, Dasi: mtumishi. Si kila Mhindu hupitia hayo. Wengi huabudu nyumbani maisha yao yote bila diksha.

Je, tuite "ubatizo"? Ubatizo huosha dhambi na kumwingiza mtu katika Kanisa. Diksha humweka mtu mikononi mwa mtu. "Jando" na "unyago" hufuata umri. "Kiapo" ni upande mmoja tu, upande wa anayeahidi.

Napendekeza "upokezi". Mzizi wake unabeba pande zote. Mwanafunzi anapokea mantra, neno takatifu analopewa na guru. Guru anampokea mwanafunzi. Na guru hao, kizazi baada ya kizazi, wanapokezana lile neno kama wakimbiaji wanavyopokezana kijiti. Tutasema: "Alipata upokezi kwa guru wake", au "Guru amempokea". Baia ibaki kwa watu wa tarika, ubatizo kwa Wakristo, na upokezi uwe wa diksha.

Neno hili lina faida nyingine: linamdai guru. Mapokeo yanawataka guru na mwanafunzi wachunguzane kwanza, kwa sababu anayepokea mtu amepokea na safari yake. Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wa mwenzako huuoni uzito. Guru wa kweli ni yule asiyeona hivyo. Ameukubali mzigo wa mwanafunzi na anausikia begani mwake. Labda ndiyo maana wazee wa Kisanskriti, walipotafuta jina la mtu huyo, walichagua neno lenye maana ya uzito.