Ugonjwa wa Parkinson

Ugonjwa wa Parkinson ni ugonjwa wa ubongo unaozidi polepole na kuathiri hasa uwezo wa kujongea. Umepewa jina la James Parkinson, daktari wa London aliyeueleza mwaka 1817. Unatokana na kufa kwa seli zinazotengeneza dopamini, kemikali ambayo ubongo huitumia kuongoza misuli. Wengi huupata baada ya miaka 60, lakini si wote: bondia Muhammad Ali aligunduliwa kuwa nao mwaka 1984, akiwa na miaka 42.

== Dalili ==
Mkono hutetemeka ukiwa umepumzika, viungo hukakamaa, hatua huwa fupi na nzito. Mwandiko hupungua ukubwa, sauti hufifia, na uso hukosa tabasamu hata ndugu wakadhani mzee amenuna. Kuna pia yasiyoonekana: kufunga choo, kukosa usingizi, kutosikia harufu, sonona. Wapo wagonjwa wasiotetemeka kabisa.

Ugonjwa huu hauambukizi, wala si kurogwa. Utafiti wa wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2008, ulikuta wagonjwa 33, na wengi wao walikuwa hawajawahi kuambiwa wanaumwa nini. Mtu anayehesabiwa kuwa amezeeka tu hapelekwi hospitali, na dawa ipo.

== Matibabu na utafiti ==
Dawa kuu tangu miaka ya 1960 ni levodopa, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini. Huchanganywa na kabidopa ili nyingi zaidi ifike kwenye ubongo na kichefuchefu kipungue. Haiponyi, ila humrudishia mgonjwa uwezo wa kufunga vifungo, kula na kutembea.

Saa ya kumeza ina uzito wake. Protini ya nyama au maharagwe hushindana na dawa hiyo tumboni, hivyo wengi hushauriwa kuimeza nusu saa au zaidi kabla ya chakula. Kuiacha ghafla ni hatari. Baada ya miaka kadhaa nguvu yake huweza kuisha kabla ya dozi inayofuata, au mwili ukajinyonganyonga wenyewe. Hapo daktari hubadilisha vipimo na saa.

Mbegu za upupu, ule ule unaowasha, zina levodopa, na watafiti wamezijaribu kwa ajili ya wasiomudu bei ya vidonge. Kiasi chake hutofautiana, kwa hiyo si jambo la kujipimia nyumbani. Tangu mwaka 1987, kazi iliyoanzia Grenoble, Ufaransa, baadhi ya wagonjwa huwekewa nyaya nyembamba ubongoni zinazopitisha umeme. Bado haijapatikana dawa iliyothibitishwa kuzuia seli zisife.

== Maisha ya kila siku ==
Mazoezi husaidia sana. Miguu ikiganda mlangoni, kuhesabu “moja, mbili” au kuvuka mstari uliochorwa sakafuni huweza kuifungua, ilhali kumvuta mgonjwa kwa mkono kunaweza kumwangusha. Vikundi vya wagonjwa na wanaowatunza hupeana mbinu kama hizi, na huwatoa ndani watu waliojificha kwa kuona aya. Siku ya Parkinson Duniani ni 11 Aprili, tarehe aliyozaliwa daktari huyo mwaka 1755.